STERINGI HAFI! Makauboi wa zamani warudi kwa simu, nani atawatafsiria wazee?

Baridi ya mwezi wa saba huku Ufipa huhitaji kusimuliwa. Saa moja na nusu jioni Majengo yote imeshajifungia ndani, jiko la mkaa liko katikati (acheni dirisha wazi kidogo jamani, mkaa unaua), na kila mmoja anatafuta cha kumpitishia muda mpaka usingizi umkute. Zamani zilikuwa hadithi za bibi. Siku hizi ni simu. Na kwenye simu hiyo hiyo unayochungulia umbea wa wasanii wa Dar, makauboi wamejaa tele. Siyo wa juzi, namaanisha wale wenyewe, wa farasi na kofia pana, ambao baba yako aliwalipia kiingilio.

Hebu andika jina la John Wayne kwenye YouTube uone. Kuna "Angel and the Badman" ya mwaka 1947, kuna "McLintock!" ya 1963, kuna vile vipicha vyake vya kama saa moja alivyocheza mwaka 1934 kabla hajawa mtu mkubwa, kama "Blue Steel" na "The Star Packer". Ukimtaka Marlon Brando, ipo "One-Eyed Jacks" ya 1961, picha pekee aliyoiongoza mwenyewe. Zote nzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kulipa senti zaidi ya bando lako.

Usidhani ni za wizi. Sheria ya Marekani ya enzi zile ilimpa mwenye picha haki kwa miaka 28, halafu ilibidi aziombe upya. Aliyesahau, au aliyeona haina faida tena, imekula kwake, picha ikawa ya umma kule kwao. Zile kubwa zaidi bado zina wenyewe. "High Noon" ya Gary Cooper ya mwaka 1952, au "The Searchers" ya 1956, hizo utakodi au utanunua mtandaoni kwa pesa yako. Netflix walipofungua milango kwa nchi za Afrika Januari 2016, wengi tulidhani tutakuta kila kitu humo. Thubutu! Picha za zamani kule unazitafuta kwa tochi.

Kwa wenye simu ya kawaida, shusha ubora wa picha uwe wa chini. Muvi ya saa moja na nusu itakula kama nusu GB hivi, na kauboi wa mwaka 1947 hahitaji kung'aa.

Ila kinachonisumbua siyo bando. Kinachonisumbua ni sauti.

Nieleze. Kauboi siyo mgeni kwetu, tena alifika kabla ya televisheni. Vijana wengi wa upande huu enzi za mkoloni walivuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kule kambini wachimbaji walionyeshwa sinema uwanjani usiku, na picha waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kauboi. Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Hortense Powdermaker, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954 akayaandika hayo. Kwa wachimbaji, kauboi yeyote, awe nani, jina lake lilikuwa Jack. Jack akipanda farasi uwanja mzima unapiga kelele, Jack akipiga ngumi kelele zaidi. Kiingereza wengi hawakukijua vizuri na wala hawakukihitaji.

Kongo nako hivyo hivyo. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950 walijiita "Bills", kutoka Buffalo Bill, wakavaa jinzi na skafu shingoni na kujitungia lugha yao ya mtaani. Yaani Hollywood ilileta picha, maneno wakatia wenyewe.

Kwetu Tanzania Bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Wa Dar walikuwa na majumba ya sinema, Empire, Avalon, Empress. Sisi wa mikoani tulilelewa na deki na kanda za video. Kibanda umiza! Mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, jenereta linanguruma nyuma, na wewe umebanwa katikati ya watu huwezi hata kujikuna. Mimi nilikikuta kwenye miaka yake ya mwisho, lakini kaka zetu ndiyo wamekula chumvi humo. Humo ndimo lilimotoka lile neno steringi, na ile sheria yake isiyoandikwa: steringi hafi. Akifa, watu wanadai kiingilio chao. Humo alipita Clint Eastwood na zile picha za kauboi zilizotengenezwa na Waitaliano na kupigwa Hispania, na humo walipita wale wawili, Terence Hill na Bud Spencer, mwembamba na bonge, wanaopiga watu makofi mpaka mbavu zako zinauma kwa kucheka.

Na humo ndimo alimokuwa mtu muhimu kuliko steringi mwenyewe. Mtafsiri.

Msomaji wa umri wangu atamjua Lufufu wa Dar es Salaam. Kenya wana DJ Afro, Uganda wanaita VJ na bingwa wao ni VJ Jingo. Kazi yao ni moja: picha inakwenda, wao wanasema juu yake. Lakini usidhani wanatafsiri neno kwa neno kama mwalimu wa darasa la sita! Wanampa mhusika jina la mtaani, wanakuonya kwamba yule mwenye sharubu ni msaliti, wanaeleza kwa nini Mzungu analia kwenye harusi, wanatia na utani wao. Bibi asiyejua hata "good morning" anatoka pale anaijua picha kuliko aliyeitunga.

Sasa simu imetuletea picha, mtafsiri kabaki nje. Nenda nyumba yoyote hapa mtaani usiku uone. Kijana kona ile kaziba masikio kwa waya, kioo kinamwangaza usoni, anacheka peke yake. Mzee kona hii anaota moto. Picha ni ya ujana wa mzee, anayeiangalia ni mjukuu, na wamekaa hatua mbili tu!

Nilijaribu kulitatua hili kwa babu mmoja jirani yetu, mtu wa Kasanga aliyehamia Majengo akiwa mtu mzima. Macho yake yamefifia, maandishi ya chini hayasomi, na hata angeyasoma ni Kiingereza. Nikaomba televisheni ya nyumbani kwao, nikaunganisha simu, nikasema, babu, leo mimi ndiye mtafsiri. Tukaanza na "Angel and the Badman". Hadithi yake ni hivi: jambazi wa bunduki amejeruhiwa, anaokotwa na familia ya wacha Mungu wasiogusa silaha. Binti wa nyumba anampenda. Jambazi anabaki njia panda, bunduki au binti.

Nilidhani babu atasisimka na farasi. Wapi! Alichokamata yeye ni maji. Kuna jirani tajiri kwenye ile picha ameziba maji, wakulima wa chini mashamba yanakauka, mpaka John Wayne anakwenda kumwona. Babu akanisimamisha hapo, nirudishe nyuma, nieleze mfereji unapita wapi na nani alianza kulima pale. Kisha akahutubia nusu saa kuhusu kesi za maji na mipaka ya mashamba alizozishuhudia huko kwao. Wajukuu walioziba masikio wakatoa waya mmoja mmoja. Bando lilikuwa linakwisha lakini hakuna aliyelalamika.

Ndipo nikapata akili ya kuwatafutia picha zinazotuhusu sisi wenyewe, maana zipo, na wengi wetu hatujaziona.

Ya kwanza "Hatari!" ya mwaka 1962. Jina ni la Kiswahili na John Wayne ndiye steringi. Ilipigwa Tanganyika, Arusha na Momella na Ngorongoro, kabla hatujapata Uhuru. Ni kauboi mtupu, isipokuwa badala ya farasi kuna gari aina ya tiraki, na badala ya ng'ombe wanakamata vifaru na twiga kwa kamba ili kuwauza kwenye bustani za wanyama. Waigizaji waliwakimbiza wanyama wenyewe, na ndiyo maana vumbi lile halidanganyi. Mwigizaji Mjerumani, Hardy Krüger, alipapenda mno akanunua shamba Momella. Wenyeji wa nchi kwenye picha? Wapo, wanaendesha, wanabeba, wanaitikia. Usisubiri hadithi yao.

Ya pili ndiyo hasa ya kwetu, "The African Queen" ya mwaka 1951. Hii ina wenyewe, binamu yangu wa Dar ndiye alinilipia kuikodi. Humphrey Bogart ni fundi wa kimashua kibovu, mlevi, hajanyoa. Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari. Ni mwaka 1914 katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, askari wamechoma kijiji, na hawa wawili wanateremka mto wakazamishe meli ya Wajerumani iliyotawala ziwa. Bogart alipata Oscar yake moja tu maishani kwa picha hii. Iliongozwa na John Huston na kupigwa Uganda na Kongo, na watu wengi wa kikosi chake waliugua kwa maji machafu. Inasemwa Bogart na Huston walipona kwa sababu walikuwa wanakunywa wiski tu, sasa wewe usiende kuitumia kama kisingizio kwa mkeo.

Mto wao wanauita Ulanga. Babu alicheka sana hapo, kwa sababu Ulanga tunaoujua unakwenda Rufiji na kumwaga Bahari ya Hindi, wao wameugeuza uingie ziwani! Lakini ziwa na meli havikutungwa hewani. Mwandishi wa kitabu cha mwaka 1935 kilichozaa picha hii, C. S. Forester, alichota kwenye vita halisi vya Ziwa Tanganyika. Waingereza walisafirisha mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni, kisha wakazivuta nchi kavu kupitia Katanga. Desemba 1915 wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani, Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Juni mwaka huo Bismarckburg ikaanguka. Na Bismarckburg, msomaji, ndiyo Kasanga hiyo hiyo ya babu, bandari yetu ya Rukwa, ambako boma la Mjerumani lilikuwepo.

Nilipotafsiri mpaka hapo babu alinyamaza. Halafu akaanza kusema yeye, na mimi nikawa msikilizaji. Akaeleza aliyosikia kwa wakubwa wake kuhusu watu waliobebeshwa mizigo ya vita, maana maelfu ya wapagazi katika nchi hii walikufa kwa njaa na maradhi katika vita ile ya Wazungu. Picha ina saa moja na dakika arobaini na kitu, na kuhusu wapagazi hao haina hata dakika moja. Wenyeji wanaonekana mwanzoni kanisani, wanaimba bila kuelewa wanachoimba, kisha kijiji kinachomwa na hadithi inawaacha. Basi jioni hiyo picha ilikuwa na watafsiri wawili, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa yale yasiyokuwemo. Yule mwenye simu ya kisasa kuliko zote pale ndani ndiye aliyemwomba babu aendelee.

Mwisho wa picha sikusimulii wote, nitakuharibia. Ila meli ya Wajerumani inalipuka na kuzama, na wajukuu wakapiga makofi.

Babu akawakatiza. Hiyo ni sinema, akasema, meli yenyewe amepanda. Na ni kweli. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Goetzen, haikulipuliwa na mtu. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mitambo yake wakaipaka grisi kwanza ili isioze. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wetu huu wa kusini. Kwa miaka mingi ikabeba watu na dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, ikitia nanga Kipili na Kasanga. Babu aliipanda kwenda Kigoma akiwa kijana, usiku, mitumbwi ikiifuata ubavuni na taa, watu wakipandisha mizigo na watoto kwa mikono.

Tulimaliza saa nne na robo, mkaa umeshakuwa majivu. Jumamosi wanataka "Hatari!", na wameshaniambia nisikae karibu na televisheni, kiti hicho ni cha babu.