Hasikii, Lakini Ni Msikivu

Katika lugha yetu neno "kusikia" limebebeshwa mzigo mkubwa. Twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia harufu ya pilau kutoka nyumba ya tatu. Mtoto akimtii mzazi wake twasema huyo asikia. Akiwa mtundu twasema hasikii, na kama hilo halikutosha twamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenye adabu ni msikivu. Mswahili, basi, ameitia akili ya mtu, tabia yake na hata ngozi yake ndani ya sikio. Si ubaya, ni uzuri wa lugha. Lakini, ndugu msomaji, hebu fikiri nyumba ambayo Mola ameijaalia mtoto ambaye sikio lake halifanyi kazi, kisha jirani akaja barazani kushtaki: "Mwanao huyu hasikii! Nimemwita mara tatu, yuwanitazama tu." Utamjibu nini? Ukisema ni kweli hasikii, atadhani umekubali kwamba mwanao hana adabu.

Swali hilo nimelijibu miaka mingi sasa, kwani mziwanda wangu, aliyekwisha kupita miaka kumi, ni kiziwi. Nalitumia neno hilo kwa makusudi. Wako watu wema wasiolipenda. Husema kiziwi, kipofu na kiwete wamewekwa katika ngeli moja na kiti na kisu, kana kwamba ni vyombo. Ni hoja ya kufikiriwa, japokuwa ngeli iyo hiyo ina kiongozi, nami sijapata kuona kiongozi akilalamika. Viziwi niliokutana nao hawalionei haya neno "kiziwi". Wanalolichukia ni "bubu", kwani wao maneno wanayo tele, ila yamo mikononi.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka 2015, akiwa na miezi kumi na mitatu na ameanza kutamka "baba", alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Hospitali tuliyompeleka iliokoa roho yake, na kwa hilo twaishukuru. Lakini siku ya kutoka tulipewa dawa na karatasi tu. Hakuna aliyetwambia kwamba maradhi hayo huweza kuharibu kusikia, na kwamba mtoto aliyeugua hivyo yampasa apimwe masikio mapema. Miezi saba ikapita. Mamake ndiye aliyetambua. Sufuria ilimponyoka jikoni ikaanguka kwa kishindo, paka akaruka dirishani, na mtoto aliyekuwa amempa mgongo hakutikisika hata ukope.

Hapo hekima za mtaa zikaanza kumiminika. Huyu alisema ni jicho, yule alisema mamake alikaa kizingitini magharibi alipokuwa na mimba. Wengi walitikisa vichwa wakasema hujafa hujaumbika, methali ya haki, ila ni vigumu kuipenda inaposemwa juu ya kichwa cha mwanao kama anayeonyeshwa watu wajihadhari. Tuliandikiwa kombe, nami sisemi neno baya juu ya dua. Aya ziliandikwa kwa zafarani na maji ya mawaridi, mtoto akanywa akacheka. Mafuta ya moto ya kutiwa masikioni niliyakataa, na nawasihi wazazi wenzangu wayakatae.

Mambo yanayoharibu masikio ya watoto yajulikana: surua, matubwitubwi, usaha wa masikio usiotibiwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga, baadhi ya dawa za sindano, na ugonjwa wa rubela ukimpata mama mjamzito. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila watoto kumi wenye upungufu wa kusikia, sita wangaliweza kuepushwa nao. Kenya ilianza kuchanja watoto kwa chanjo moja ya surua na rubela mwaka 2016. Na liko jingine ambalo sisi watu wa pwani hatupendi kulitaja barazani. Ndoa ya binamu ni halali, hapana wa kuiharamisha. Lakini ikiwa mume na mke wamerithi kwa babu mmoja ile asili ya uziwi iliyojificha, kila mimba ina sehemu moja kwa nne ya kumtoa mtoto asiyesikia. Nyumba yenye viziwi wawili watatu katika ukoo ingefaa iulize tabibu kabla ya kupika biriani ya arusi.

Watu huniuliza tunaishije naye. Twaishi kwa macho. Alfajiri haamshwi kwa kuitwa, na ukimgusa ghafla hushtuka akapiga ukelele. Mamake huwasha taa akazima, akawasha tena. Akiwa ghorofani na wewe wamtaka, wakanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino, naye huipata ile mitetemo kwa nyayo akageuka. Chakulani twakaa duara, wala si mstari, ili kila mkono uonekane. Umeme ukikatika usiku mazungumzo yote hukatika naye, kwani kwake yeye giza ndio ukimya, kwa hivyo tochi haikosi chini ya mto wake.

Nje ya mlango ndiko kwenye hofu. Vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa ni vyembamba, na mwenye mkokoteni wa maji hana breki ila mdomo wake. Hupaza sauti, "Njia! Njia!" na kila mtu hujibana ukutani. Mwanangu hajibani. Mara mbili aliponea chupuchupu, mara ya tatu ilikuwa pikipiki. Nduguye mkubwa, kwa akili yake mwenyewe, alimfundisha jambo ambalo mimi nisingalilifikiri: atembee kando ya ukuta na atazame nyuso za watu wanaomjia. Nyuso zikikodolea macho nyuma yake, ajue kuna kitu chaja, naye asimame. Tangu siku hiyo asoma nyuso za Mombasa nzima.

Majina nayo hutupa kicheko. Viziwi humpa kila mtu jina la ishara, na jina hilo huchaguliwa kwa kitu kinachoonekana kwake. Mimi ni kidevu kinachokunwa, kwa sababu ya ndevu. Shangazi yake ni kidole puani, pahali pa kipini. Bibi yake ni shavu lililovimba kwa tambuu. Yule jirani aliyekuja kushtaki naye ana lake, lakini si la kuandikwa gazetini.

Basi nataka nilinene hili kwa nguvu, kwani nimeona nyumba nyingi zikipotea hapa. Mtoto anayesikia huokota lugha bure, kwa mama jikoni, kwa watoto barazani, hata kwa wanaogombana dirishani. Kiziwi haokoti chochote asichooneshwa. Miaka ya kwanza mitano sita ndiyo ya kupanda lugha, na waliotushauri tungoje mpaka afike miaka saba "apate akili" walikuwa wakitushauri tumnyime chakula kisha tumshangae kwa kukonda. Serikali ina vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mombasa iko shule ya viziwi ya Ziwani, na Kilifi iko ya Kibarani. Lakini shule hukaa na mtoto mchana, usiku arudi kwa nani? Mimi na mke wangu tulijifunza ishara tukiwa watu wazima, vidole vimekwisha kukakamaa. Makosa yangu bado humchekesha. Juzi nilitaka kumwambia anawe, nikamwambia jambo jingine kabisa, akacheka mpaka akaketi chini.

Wala hii si michezo ya mikono. Ni lugha yenye sarufi yake. Katiba ya mwaka 2010 imeipa dola jukumu la kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Lakini mimi ni mtunzi wa mashairi, na liko jambo linaloniuma. Shuleni mtoto kiziwi husoma Lugha ya Ishara mahali pa Kiswahili, na kitabu chake husomeshwa kwa Kiingereza. Kusudi lake nalifahamu, ni kumpunguzia mzigo. Ila matokeo yake ni kwamba mwanangu alijua kuandika mlango na maji kwa Kiingereza kabla hajayajua kwa lugha ya bibi yake, na bibi yake Kiingereza hana. Kwa hivyo baada ya Isha twakaa na vikaratasi. Nimebandika jina juu ya kila kitu, kabati, pazia, mtungi. Aliniuliza kwa nini kiti "kimevunjika" na mlango "umevunjika", kwani vitu hivyo vina ugomvi gani? Nikamweleza ngeli kwa vidole mpaka saa nne ya usiku. Vina aliviona mwenyewe kwa macho, herufi zikijirudia mwisho wa kila kipande kama nguzo za baraza. Mizani nilimpigia begani, nane, kisha nane. Siku ya tatu alinigeuza akanipigia mimi, na beti niliyomwandikia ilikuwa na mizani saba pahali pamoja. Alikuwa kweli.

Sasa nije kwenye dini. Chuo cha kwanza nilichompeleka, maalim alinikaribisha kwa heshima zote, akanambia: "Mzee, huyu hana hesabu. Mwachie Mola, pepo ni yake." Maneno matamu, lakini ni ya kumfungia mtoto mlango. Na wakati akiyasema, nyuma yake watoto walikuwa wakisoma kwa sauti moja Suratu Abasa, ambayo sote tumeihifadhi katika Juzuu Amma tukiwa hatujaota meno ya pili. Kila aliyesomeshwa maana yake ajua ilishuka kwa ajili ya Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka kufundishwa. Kipofu huyo baadaye alikuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilali, na aliachiwa usimamizi wa Madina. Tena mafakihi wetu wamekwisha kuandika kwamba ishara ya asiyeweza kunena, ikifahamika, husimama mahali pa ulimi, katika kuuza na kununua, katika nikaha na katika talaka. Mtu ambaye mkono wake waweza kufunga ndoa, vipi ataambiwa hana hesabu?

Maalim wa pili ni kijana. Hakunipa hotuba, aliniuliza, "Ami, 'udhu' yaashiriwaje?" Alianza na ishara kama thelathini, na sasa viziwi watano humjia kila Jumamosi. Katika sala mwanangu husimama ubavuni mwa nduguye. Rukuu huiona kwa pembe ya jicho. Kwenye sijida, uso ukiwa chini, huinuka anaposikia (naam, anaposikia) mkeka ukitikisika na kiwiko cha nduguye kikiondoka.

Lililobaki ni hotuba ya Ijumaa. Kila wiki hukaa nusu saa akitazama midomo ya khatibu, kisha njiani huniuliza amesema nini, nami humpa muhtasari ulio mkavu kama mkate wa jana. Tumewaandikia wazee wa msikiti wetu tukiomba mfasiri wa ishara asimame mbele wakati wa hotuba. Mfasiri tumempata, hataki ila nauli ya matatu. Wazee hawakukataa. Wanachojadili ni pahali: wengine wataka kando ya mimbari, wengine wasema nguzo ya pili, ili asiwashughulishe wenye kusikiliza. Mwanangu naye nilimuuliza. Yeye ataka nguzo, kwa sababu pale pana dirisha, na wakati huo mwangaza humpiga mtu mikononi.