Kidato cha Sita na Safari ya Monduli

Mtoto wako amemaliza kidato cha sita. Anataka kuwa ofisa wa jeshi. Wewe mzazi, huku Kibimba, unajiuliza: ile miaka miwili baada ya kidato cha nne itamsaidia nini jeshini? Je, atapunguziwa mafunzo? Je, atapewa cheo mara moja? Wapo wajanja wanaojibu ndiyo, kisha wanadai fedha. Tulieleze jambo hili polepole.

Maofisa wa Jeshi letu, JWTZ, hufundishwa katika chuo cha Monduli, mkoa wa Arusha. Anayehitimu hutunukiwa kamisheni na Rais, ambaye ni Amiri Jeshi Mkuu. Huvaa nyota moja begani. Cheo chake ni Luteni Usu.

Faida ya kidato cha sita huanza kuonekana kabla ya Monduli. Huonekana JKT. Wazee mnaijua JKT tangu ilipoanzishwa mwaka 1963. Mwaka 1994 Serikali ilisimamisha mafunzo ya vijana kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2013 yalirudishwa, na hata wabunge kadhaa walikwenda kambini. Siku hizi wanaomaliza kidato cha sita huitwa, wavulana kwa wasichana, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wengine hupangiwa Kanembwa, Mtabila au Bulombora, mkoa jirani wa Kigoma. Wengine hupelekwa mbali zaidi. Mzazi aweke akiba ya nauli mapema, ya kwenda na kurudi.

Kijana akimaliza hupewa cheti cha JKT. Cheti hicho kina maana. Tangazo la JWTZ la mwaka 2025 la kuandikisha vijana lilitaka waombaji wawe wamepitia JKT. Aliyeishia kidato cha nne hana budi kuomba JKT ya kujitolea. Nafasi zake ni chache, na muda wake ni miaka miwili. Lakini JKT yenyewe si ajira. Wengi humaliza na kurudi nyumbani.

Sasa tuje kwenye umri, maana hapa ndipo watoto wengi wa vijijini hukwama. Tangazo hilo la 2025 lilitaka mwombaji wa kidato cha nne au cha sita asizidi miaka 24. Kidato cha sita hakikumwongezea hata mwaka mmoja. Tufanye hesabu. Shule ya msingi miaka 7, sekondari miaka 4, kidato cha tano na cha sita miaka 2. Jumla ni miaka 13. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7 humaliza akiwa na miaka 20. Aliyeanza na miaka 10, kwa sababu alikuwa akichunga mbuzi, humaliza na miaka 23. Huyo amebakiza nafasi ndogo sana.

Alama nazo zina kazi yake. Chuo cha Monduli hutoa pia shahada ya sayansi ya kijeshi, kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Kwa kawaida, ili kusoma shahada katika nchi yetu, kijana wa kidato cha sita hutakiwa kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 au zaidi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwenye D ya Historia na D ya Jiografia amefikisha 4. Mwenye D na E ana 3, hajafika.

Je, alama nzuri hupunguza mafunzo? Hapana. Kwata ni kwata, na shabaha ni shabaha. Hata Marekani, katika chuo cha West Point, kijana aliyesoma hesabu za juu sekondari anaweza kurukishwa somo la mwanzo. Lakini hupewa somo jingine, na miaka yake minne chuoni iko palepale.

Liko jambo moja linalotuhusu sana sisi wa Ngara na Biharamulo. Tunaishi karibu na mipaka ya Burundi na Rwanda. Jeshi hutaka raia, na kwa maneno tu hatambuliki. Mtoto apatiwe cheti cha kuzaliwa angali mdogo. Jina la kwenye cheti hicho liwe lilelile la vyeti vya shule. Kurekebisha jina wakati tangazo limeshatoka ni mbio za bure.

Na ng'ombe asiuzwe kumlipa mtu anayeahidi nafasi ya Monduli. Maombi ya mwaka 2025 yaliandikwa kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, yakapelekwa Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma. Jeshi halipokei fedha kwa ajili ya nafasi.