Bao la siku mbili kwenye simu za Msamvu

Kuunda mchezo wa kivinjari kwa siku mbili si maajabu tena. Mashindano ya Ludum Dare, yaliyoanza mwaka 2002, yamewazoesha washiriki kumaliza mchezo kwa saa 48. Yale ya js13kGames hayapokei faili linalozidi kilobaiti 13. Kijana wa Morogoro mwenye kompyuta mpakato na bando la kutosha anaweza kuanza kuunda bao Ijumaa jioni, na Jumapili akawa analicheza. Kazi inayobaki ni kulifanya lichezeke kwenye simu za wengine.

Pa kulijaribia ni Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro. Stendi ile hukutanisha wasafiri wa Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na mtu anayesubiri basi ana muda wa kucheza. Huyu ana Tecno yenye Chrome ya zamani, yule iPhone yenye Safari, mwingine kitochi cha KaiOS, na anayebana bando anatumia Opera Mini. Kwenye mpango wa mradi wote hao huandikwa kwa neno moja: watumiaji.

Kanuni za bao hazisumbui. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji ana sita nyumbani, mbilimbili kwenye mashimo mawili jirani, na 22 mkononi. Hesabu ya kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, ni ileile kwenye kila simu. Ugomvi uko kwenye mapambo. Safari hainyanyui sauti mpaka mchezaji aguse kioo. Kitochi cha kubonyeza kinataka mchezo unaotii vitufe. Upau wa anwani ukichomoza, nafasi hupungua na safu ya chini ya mashimo inaweza kufichika. Opera Mini ikibana kurasa kwa nguvu, programu huendeshwa kwenye seva zake na mtumiaji hupokea matokeo tu, hivyo kete hazionekani zikitembea.

Lugha inayoendesha michezo hii nayo ilizaliwa mbiombio. Mei 1995, Brendan Eich wa Netscape aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10. Mwaka 1996 Microsoft ikaja na JScript yake, na kiwango cha pamoja kilipatikana Juni 1997. Baadhi ya kasoro za siku zile zimeachwa hadi leo, kwa kuwa kuzirekebisha kungeharibu tovuti zilizokwisha kuzitegemea. Kilichojengwa haraka kikishapata watumiaji, hakibomoleki kirahisi.

Kwa hiyo cha kuwahi kwanza ni kiini. Bao ni mchezo wa zamu: kila hatua inaweza kuwa kiungo kimoja, nayo seva ikajibu kwa ubao mpya. Hilo litafika hata kwenye Opera Mini na kitochi, ingawa kila zamu italamba bando kidogo na seva italipiwa. Mwendo wa kete na sauti viongezwe baadaye, kwa simu zinazoviweza. Anayeanzia kwenye mapambo atalazimika kubomoa.

Mpango wa siku mbili basi uigawe kazi waziwazi: Jumamosi bao lichezeke kwa viungo na vitufe, Jumapili lipelekwe stendini. Kivinjari kitakachoachwa nje kitajwe kwa jina tangu mwanzo, ili anayelipia mradi ajue ni abiria gani hatawapata.