Kuizuru AS/400 kwa Mbali

Mnamo Juni 1988 kampuni ya IBM iliitangaza AS/400, kompyuta iliyoundwa katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani, ambayo haikuwa katika safu ya mitambo mikubwa mno wala katika safu ya kompyuta ndogo za mezani, bali ilikaa baina ya hizo mbili. Na mfumo wake, ambao leo huitwa IBM i, ungali hai na unafanya kazi.

Aliyezoea kompyuta nyingine hustaajabu aingiapo humo. Programu, foleni, wasifu wa mtumiaji na jedwali la hesabu, kila kimoja ni kitu chenye aina yake maalumu, kimewekwa katika maktaba yake, wala hakikubali kutumiwa kinyume cha aina hiyo. Herufi nazo zimeandikwa kwa utaratibu wa EBCDIC, ambamo A kubwa ni 193, ilhali kwingineko ni 65. Na tarakimu hufungwa mbilimbili ndani ya kila baiti, alama ya kujumlisha au kutoa ikiwekwa mwishoni, hata 12345 ikatosha katika baiti tatu. Kwa miaka mingi elimu hiyo ilikuwa ya mahafidhi wachache walioketi mbele ya kioo cha maandishi ya kijani, chenye mistari 24 na safu 80, wakiamuru kwa maneno kama WRKACTJOB.

Ndiyo maana nauona ule uamuzi wa IBM wa kuitoa hadharani Toolbox yake ya Java, yaani zana za kuifikia mashine hiyo kutoka kompyuta nyingine, kwa jina la JTOpen na chini ya leseni huria, kuwa ni hisani kubwa. Yote yamo katika faili moja, jt400.jar, ambalo hufanya kazi sawasawa katika Linux, Windows au Mac. Mwandishi wa programu huunda kiungo kwa darasa liitwalo AS400, akathibitishwa katika mlango nambari 8476, au 9476 ikiwa mawasiliano yamesimbwa, kisha akaisoma hifadhidata, akazipekua foleni, akaita programu iliyotungwa kabla yeye hajazaliwa. Herufi na tarakimu hufasiriwa njiani. Na akiitilia shaka hesabu iliyomfikia, aweza kuufungua msimbo wenyewe na kuona ilivyofasiriwa, jambo ambalo programu iliyofungwa haimpi asilani. Kwa mwenye kukitaka kile kioo cha kijani, iko tn5250j, nayo pia ni ya Java na ni huria.

Uhuru huu hauvunji kufuli ya mtu. Idhini za kila kitu hubaki mle mle katika mashine, na mgeni huona yale tu ambayo wasifu wake umeruhusiwa. Kwa hiyo naomba kwa dhati kila anayeanza apewe wasifu wa kusoma tu, usioweza kufuta wala kubadili. Naye aanze kwa kuiuliza orodha ya majedwali iitwayo SYSTABLES katika maktaba ya QSYS2, ambamo kando ya majina mafupi yasiyofahamika aghalabu hukuta maelezo yaliyoachwa na wale walioyaunda majedwali hayo, kisha achague moja na kulisoma safu kwa safu.