Mkesha wa Pasaka na Maana Yake kwa Wakatoliki

Pasaka ndiyo sikukuu kuu ya Kanisa Katoliki, kuipita hata Krismasi. Waamini huadhimisha ufufuko wa Yesu Kristo, siku ya tatu baada ya kusulubiwa. Kanisa hufundisha kwamba ufufuko huo haukuwa kurejea maisha ya zamani, kama Lazaro aliyefufuliwa kisha akaja kufa tena. Kristo aliingia katika uzima usioguswa na mauti. Wala jambo hilo halimhusu yeye peke yake. Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi, aeleza kwamba anayebatizwa huzikwa pamoja na Kristo ili aishi maisha mapya. Kwa hiyo Pasaka ni kumbukumbu ya Kristo na pia ni sikukuu ya ubatizo wa kila muumini.

Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kanuni inayohusishwa na Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325. Mwezi huo hupigiwa hesabu, hautafutwi kwa macho kama ule wa Ramadhani na Idi, hivyo tarehe hujulikana miaka mingi kabla. Mwaka 2023 na 2024 Pasaka iliingia katikati ya Ramadhani, na katika mitaa ya Mombasa kama Likoni, Kisauni na Changamwe mfungo wa Kwaresima na wa Waislamu ukaenda sambamba kwa siku kadhaa.

Kwaresima ikikaribia kwisha, Askofu Mkuu wa Mombasa huadhimisha Misa ya Krisma pamoja na mapadre wake. Hubariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kisha huweka wakfu mafuta ya Krisma. Kila parokia hupata sehemu yake; mafuta yanayotoka kisiwani kwenda Likoni huvuka kwa kivuko, ya Changamwe hupita Makupa. Krisma hiyo ndiyo watakayopakwa wanaobatizwa usiku wa Pasaka. Alhamisi Kuu jioni hukumbukwa Karamu ya Mwisho na miguu huoshwa. Ijumaa Kuu hakuna Misa: waamini hufunga, husikiliza Mateso na kuuabudu Msalaba.

Kilele ni Mkesha wa Pasaka. Kwa karne nyingi uliadhimishwa Jumamosi asubuhi, hadi Papa Pio XII aliporuhusu urudishwe usiku mwaka 1951. Huanza giza likishaingia, nao una sehemu nne.

Ya kwanza ni mwanga. Taa za kanisa huwa zimezimwa na moto mpya hubarikiwa nje. Kwenye Mshumaa wa Pasaka padre huchora msalaba, herufi za Alfa na Omega na tarakimu nne za mwaka, kisha huweza kuchomeka chembe tano za ubani, alama ya madonda ya Kristo. Mshumaa hubebwa hadi ndani, waamini huwasha yao kutoka kwake, na Mbiu ya Pasaka huimbwa.

Ya pili ni Neno. Masomo saba ya Agano la Kale yamepangwa. Yanaweza kupunguzwa, lakini lile la Waisraeli kuvuka bahari, katika Kutoka 14, haliachwi kamwe, kwa kuwa Kanisa linaona ndani yake mfano wa ubatizo. Utukufu huimbwa kengele zikilia, na Aleluya, iliyonyamaza tangu Jumatano ya Majivu, hurejea.

Ya tatu ni maji. Wakatekumeni hubatizwa na watu wazima kwa kawaida hupewa Kipaimara papo hapo. Waliobatizwa zamani hurudia ahadi zao: humkataa Shetani, hukiri imani na kunyunyiziwa maji. Ya nne ni Ekaristi, ambamo wabatizwa wapya hukomunika kwa mara ya kwanza.

Furaha hiyo huendelea kwa siku 50, hadi Pentekoste. Baadaye Mshumaa wa Pasaka hutunzwa kwenye kisima cha ubatizo. Huwashwa kila anapobatizwa mtoto, na katika Misa ya mazishi huwekwa karibu na jeneza, kuonyesha kwamba aliyebatizwa katika Kristo anatumaini kufufuka naye. Kwa walio hai, sheria ya Kanisa inamtaka kila aliyekwisha kupata Komunyo ya kwanza akomunike walau mara moja kwa mwaka, hasa kipindi cha Pasaka. Mwenye dhambi ya mauti hutangulia kuungama.