Video hukwama hata intaneti ikiwa na kasi: Fundisho la ndiva za Upare

SAME

SHAHIDI anaketi mbele ya kamera ndogo iliyochomekwa kwenye kompyuta, wilayani Same, tayari kujibu maswali ya wakili aliye mamia ya kilomita kutoka hapo. Baada ya dakika chache picha yake inaganda, midomo inasimama na sauti inaendelea peke yake.

Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuilaumu intaneti. Huongezwa kifurushi, hubadilishwa kampuni ya simu, na wakati mwingine hununuliwa kompyuta mpya. Picha hukwama tena.

Suala hilo si la starehe. Tangu mwaka 2021 Tanzania ina kanuni zinazoruhusu mashauri kusikilizwa huku wahusika wakiwa mbali na mahakama. Shule, hospitali na ofisi nazo hutumia video kwa mafunzo na ushauri wa kitaalamu. Fedha inayotumika kutibu ugonjwa ambao haukupimwa ni hasara kwa wote hao.

Ukweli ni kwamba video hupita katika hatua kadhaa kabla haijaufikia mtandao. Inatoka kwenye kamera, inapita kwenye waya wa USB, inapokewa na programu endeshi, ambayo mafundi huiita draiva, kisha inakabidhiwa kwa programu anayoitumia mwenye kompyuta. Mara nyingi mkwamo hutokea katika hatua hizo, na intaneti haihusiki kabisa.

Wenyeji wa milima ya Upare wanayo picha nzuri ya kulielewa jambo hili.

Ndiva na zamu ya maji

Kwa vizazi vingi Wapare wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya kumwagilia. Mojawapo ni ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, wilayani Same, ambayo watafiti wa masuala ya maji wameiandikia mengi.

Maji ya kijito ni machache mno kumwagilia shamba moja kwa moja, kwani hupotea ardhini kabla ya kufika. Kwa hiyo huachwa yajae kwenye ndiva usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa ili yateremke kwa nguvu kwenye mfereji kumfikia mwenye zamu.

Mfumo huo una nguzo tatu: hifadhi, zamu na kiasi cha maji ambacho kila mmoja anaruhusiwa kuchukua. Nguzo moja ikitetereka, shamba hukauka hata kama chemchemi haijapungua.

Video ya USB nayo husimama juu ya nguzo hizo hizo.

Zamu 8,000 kwa sekunde

Toleo la pili la USB, lililotolewa mwaka 2000, lina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Toleo la tatu la mwaka 2008 lilipandisha kasi hiyo hadi gigabiti 5, lakini kamera nyingi za kawaida bado hutumia utaratibu wa toleo la pili.

Katika utaratibu huo, kila sekunde hugawanywa katika vipindi 8,000. Kipindi kimoja kinaweza kubeba takriban baiti 7,500, na asilimia 80 tu ya kiasi hicho, yaani baiti 6,000, ndiyo inayoweza kutengwa kwa vifaa vyenye zamu maalumu kama kamera.

Faili linaponakiliwa kwenye diski ya USB, pakiti iliyoharibika hutumwa upya hadi ifike salama. Kamera nyingi hazifanyi hivyo. Picha iliyochelewa haina thamani tena, hivyo pakiti ikipotea imepotea, na kinachofuata huendelea.

Ndiyo maana waya mbovu unaweza kunakili faili bila mtumiaji kuona kasoro yoyote, lakini ukaikata video vipande vipande.

Kamera inayoomba kupita kiasi

Hesabu ndogo huonyesha chanzo kimoja cha tatizo. Picha yenye nukta 640 kwa 480, ikiwa haijabanwa, huchukua baiti 614,400. Picha 30 kwa sekunde hufikia baiti 18,432,000. Zikigawanywa kwa vipindi 8,000, kamera inahitaji baiti 2,304 kwa kila kipindi.

Hata hivyo, zipo kamera ambazo huomba kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, yaani baiti 3,072 kwa kila kipindi, hata kama mahitaji yake ni madogo. Kamera moja ikifanya hivyo, hakuna anayeona tatizo. Mbili zikichomekwa kwenye njia moja, maombi yake hufika baiti 6,144 na kuvuka ukomo wa 6,000.

Matokeo yake kamera ya pili hukataa kuwaka. Katika mfumo wa Linux, ujumbe unaotokea husema kuwa hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Ujumbe huo huwapotosha wengi, ambao huanza kufuta mafaili wakidhani diski imejaa, ilhali kilichojaa ni zamu za waya.

Waandishi wa programu endeshi ya Linux iitwayo uvcvideo, iliyoingizwa rasmi katika mfumo huo mwaka 2008, waliliona tatizo hilo na kuweka njia ya kulikabili. Fundi akiiwasha programu hiyo kwa kigezo quirks=128, programu haiiamini tena kamera, bali hupiga yenyewe hesabu ya kiasi kinachohitajika. Njia hiyo husaidia kwa picha ambazo hazijabanwa.

Hifadhi iliyo ndogo kuliko inavyodhaniwa

Nguzo nyingine ni hifadhi. Programu endeshi huandaa vyombo vya kupokelea pakiti kabla hazijafika. Katika uvcvideo vyombo hivyo ni 5, na kila kimoja hubeba pakiti zisizozidi 32. Jumla ni pakiti 160, ambazo kwa mwendo wa vipindi 8,000 kwa sekunde hujaa ndani ya milisekunde 20 tu.

Picha moja kati ya 30 za sekunde huchukua takriban milisekunde 33. Hivyo ndiva hiyo haina uwezo wa kuhifadhi hata muda wa picha moja.

Kompyuta ikishughulishwa na kazi nyingine kwa zaidi ya milisekunde hizo 20, vyombo vyote hujaa bila kumwagwa na kurudishwa. Pakiti zinazofuata hukosa pa kuingia. Mtazamaji huona picha iliyokatika nusu, au picha ya zamani iliyoganda.

Baada ya hapo ipo hifadhi ya pili, kati ya programu endeshi na programu anayoiona mtumiaji. Programu hiyo inapaswa kurudisha kila chombo mara inapomaliza kukisoma. Ikichelewa kurudisha, programu endeshi hulazimika kuitupa picha mpya, hata kama waya na kamera ni vizima.

Kufuata mfereji toka chini

Mkulima ambaye maji hayakumfikia hakimbilii kuchimba chemchemi nyingine. Hupanda akiufuata mfereji hadi aone mahali ulipopasuka. Fundi wa video hana budi kufanya vivyo hivyo, akibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Kwanza, intaneti izimwe kabisa na kamera ifunguliwe kwa programu ya kawaida ya kutazama picha. Video ikikwama bado, mtandao umeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi.

Pili, mwanga uangaliwe. Katika chumba chenye giza kamera nyingi huongeza muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, na idadi ya picha kwa sekunde hupungua. Video huonekana inasuasua ilhali hakuna kilichoharibika. Kufungua pazia huweza kuwa tiba tosha.

Tatu, waya na kigawanyio vichunguzwe. Waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5. Tundu la kompyuta hutoa umeme hadi miliampia 500, lakini kigawanyio kisicho na umeme wake chenyewe huweza kukipa kila kifaa miliampia 100 tu. Kamera ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta.

Nne, kasi ithibitishwe. Kwenye Linux, amri ya lsusb -t huonyesha kila kifaa kiko njia ipi na kwa kasi gani. Kamera iliyoshuka hadi megabiti 12, kasi ya USB ya awali, haiwezi kupata zaidi ya takriban megabaiti moja kwa sekunde, hata ikifanyiwa ukarabati wa aina gani.

Tano, utaratibu wa kuokoa umeme usimamishwe kwa muda. Mfumo wa kompyuta huweza kuilaza kamera unapodhani haitumiki, na baadhi ya kamera huamka vibaya.

Pakiti hutoa ushahidi

Hatua hizo zikishindwa, kinachobaki ni kusoma pakiti zenyewe. Linux ina chombo kiitwacho usbmon kinachorekodi kila kinachopita kwenye USB, na programu ya Wireshark huweza kukifungua kwa kusomeka.

Hapo majibu ni matatu. Pakiti zikifika kwa wakati lakini zikiwa tupu, kamera ndiyo haitoi picha. Pakiti zikifika na alama za makosa, lawama huelekea kwenye waya, tundu au umeme. Pakiti zikifika zimejaa na ni nzima, lakini kioo kimeganda, basi kosa liko kwenye programu endeshi au programu inayoonyesha picha.

Kila pakiti ya video ina kichwa kidogo chenye alama inayobadilika kati ya sifuri na moja kila picha mpya inapoanza. Alama hiyo ikiacha kubadilika huku data ikiendelea kumiminika, fundi anajua kwamba mpaka kati ya picha na picha umepotea, na programu inaweza kuwa inasubiri mwisho ambao hautafika.

Kwa ofisi isiyo na fundi wa kiwango hicho, vipimo vitano vya mwanzo vinaweza kufanywa na mtumishi yeyote ndani ya nusu saa. Ni busara vifanywe siku moja kabla ya kikao, kwa kamera ile ile, waya ule ule na chumba kile kile.

Kwa shahidi ambaye neno lake linaweza kumfunga au kumwachia mtu, nusu saa hiyo si gharama kubwa. Na kwa mhasibu wa ofisi, ni nafuu kuliko kulipia kasi ya intaneti ambayo haikuwa imepungua.