Mvi Si Uchawi



Hapa kwetu Kilifi wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, si kwa urembo bali kwa hofu. Wengine walikimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, kwa kuwa waliitwa wachawi. Tena wamo waliouawa na vijana wa nyumba zao.

Jambo hili laanzaje? Mtoto augua, au kijana akosa kazi. Mtu anong'ona jina la babu. Mara mvi na macho mekundu yahesabiwa kuwa ushahidi. Nasi kanisani tumeisikia minong'ono hiyo, tukanyamaza. Mungu atusamehe.

Basi tujifunze kuuliza maswali mawili: Nani aliona? Na babu akiondoka, shamba litakuwa la nani? Mara nyingi swali la pili hufichua chanzo cha maneno yote.

Mambo ya Walawi 19:32 yatuagiza kumwinukia mwenye mvi na kumheshimu. Leo jioni, kijana, mwendee mzee anayeogopwa. Mwamkie shikamoo mbele ya watu, kisha uketi naye. Amina.